Miondoko Kumi na Mmoja Niliyoifuata Guangzhou

Tangu nirudi mmenisimamisha kila mahali. Sokoni, dukani, hata kwenye foleni ya maziwa, swali ni lile lile: "Sista Foibe, umetuletea?" Nami nimekuwa nikijibu kwamba nimechoka, nitawasimulia nikipumzika. Hii ni wiki ya tatu. Uchovu wa safari hauchukui wiki tatu, na nyie si watoto. Basi naandika. Someni kwa zamu, halafu mnichukulie mtakavyo.

Kwa yule ambaye karatasi hizi zitamfikia bila kutujua: sisi ni watu kumi na wanane wa Makambako, wengi wetu tuna presha au magoti mabovu, na kila asubuhi tunakutana kwenye uwanja wa iliyokuwa zahanati ya Wachina wa reli, tunacheza taiji ya upanga, yale mazoezi ya polepole ya Kichina. Panga zetu ni za mninga, kazi ya fundi wetu anayechonga majeneza. Mimi ndiye ninayefundisha. Nami nilifundishwa na Daktari Shen, aliyekuwa tabibu wa kambi ile wakati mimi ni muuguzi mpya. Upanga wa kwao una miondoko hamsini na minne. Alinifundisha arobaini na mitatu, mkataba wake ukaisha. Siku ya kuagana akaniambia ile kumi na mmoja iliyobaki atanimalizia nikifika kwao Guangzhou. Watu husema hivyo wakiagana. Mimi nikaiweka moyoni miaka ishirini.

Kilichoniondoa nyumbani safari hii si ushujaa. Mkono wangu wa kulia umeanza kutetemeka. Baadhi yenu mliona mkanyamaza kwa heshima, nawashukuru. Daktari wa misheni aliniambia bila kuzunguka kwamba ugonjwa huu haurudi nyuma, na kwamba baada ya miaka miwili au mitatu kijiko kitanishinda, seuze upanga. Kwa hiyo nilitaka niipate ile kumi na mmoja wakati mkono bado unanitii, niwape nyie, basi. Hilo tu ndilo lililonipeleka. Habari za pasi na tiketi siwaelezi, zilinichosha mara moja inatosha.

Makambako hadi Bombay

Niliondoka na wifi yangu Anyesi, anayeuza nguo Iringa mjini. Yeye alikuwa anakwenda Guangzhou kwa mara ya tatu kuchukua mzigo, na alikubali nimfuate kwa sharti moja, kwamba nisimsumbue. Treni ilichelewa saa tisa. Tulikaa juu ya masanduku tukila viazi vya kuchemsha, na Anyesi alilaumu serikali, reli na mimi, kwa mpangilio huo.

Uwanja wa ndege Dar, ofisa mmoja alivuta upanga wangu kutoka kwenye begi.

"Mama, hii si silaha?"

"Ni mwiko."

"Mwiko gani una ncha?"

"Wa kwetu Njombe. Ugali wa huko mgumu."

Akacheka, akaniachia. Anyesi hakucheka. Aliniambia nikimwaibisha tena ataniacha hapo hapo.

Bombay ndege iliharibika. Tulikaa siku mbili kwenye viti vya plastiki, tunapewa wali wenye pilipili hadi machozi, na kila tukiuliza tunaambiwa baada ya saa moja. Pembeni yetu alikaa mfanyabiashara mmoja Mkenya, mtu mzima mwenye kitambi, anayekwenda kununua redio.

"Mathe, hiyo upanga unaenda kufyeka nani?" akaniuliza.

Nikamweleza. Hakuamini. Akasema, "Si utuonyeshe basi, time iko mob," yaani muda ni tele. Nikasimama pale pale katikati ya mabegi nikaanza. Watu wakatazama. Nilifika kwenye mwondoko wa kumi, ule wa kunyoosha mkono wote, mkono ukaanza kuruka wenyewe na upanga ukaanguka kwenye sakafu. Ulitoa mlio mkubwa kuliko nilivyotegemea.

Yule Mkenya akauokota, akanipa kwa mikono miwili. "Pole, mathe. Umechoka tu." Sikuwa nimechoka. Nilikuwa nimelala vizuri mchana kutwa.

Hong Kong hadi Guangzhou kwa treni

Hong Kong siwezi kuisimulia, tuliipita tukikimbia. Kwenye treni ya kwenda Guangzhou nilikaa karibu na mama mmoja wa Kichina mwenye ndoo ya machungwa makubwa mfano wa kichwa cha mtoto. Hatukuwa na neno hata moja la pamoja. Alimenya chungwa, akanitilia kipande mkononi, akaona mkono unavyotetemeka. Akadhani ni baridi. Alivua sweta lake akanifunika, na joto lilivyokuwa! Nilijaribu kumrudishia, akaninyooshea kidole kwa ukali wa kiuguzi ambao naufahamu sana. Basi nikakaa na sweta la sufu nikitoka jasho hadi Guangzhou, na aliposhuka ndipo alipolichukua, akanipigapiga shavuni. Katika safari nzima huyo ndiye mtu pekee aliyenitibu.

Zhanqian Road

Tulipanga karibu na stesheni. Hoteli ilikuwa na Waafrika ngazi zote, kila mlango una katoni. Nilikuwa na siku kumi na sita. Nne za kwanza zililiwa na wifi.

Mtu niliyemtegemea anisaidie kwa lugha alikuwa Bi Mwanaisha, mama wa Tanga aliyekuwa anasomea mambo ya maji katika chuo kimoja cha hapo. Alitutumia ujumbe kwamba ana mtihani hadi Jumamosi. Nikabaki mikononi mwa Anyesi, na Anyesi haachi mkono mtupu ukae. Akanitembeza Zhanqian Road, Guangyuan Xilu, mpaka Shahe, nimshikie mifuko na kumwangalizia mishono. Wapagazi walitupita na marobota makubwa kuliko wao, wakipiga kelele tuwapishe. Kila duka lina laoban, ndivyo wanavyomwita mwenye mali, na kila laoban ana neno moja analolipenda, meiyou, yaani hakuna.

"Wifi, sikia huyu," Anyesi alifoka siku ya pili. "Namwambia nataka saizi kubwa, ananiambia meiyou. Meiyou gani na mimi naziona pale juu kwenye rafu? Laoban! Pale! Pale ni nini?"

"Meiyou," akasema laoban bila kugeuka.

"Basi twende. Huyu kaziwekea Wanigeria."

Nilimwambia wifi kwamba siku zangu zinakwisha. Akaniangalia, pini za kubandikia bei zikiwa bado mdomoni. "Wifi, mimi nakupenda. Lakini umesafiri bahari nzima kutafuta kucheza. Mimi nimekuja kutafuta ada ya shule." Nilikwenda kukaa juu ya robota, nikatazama mkono wangu, nikaona aibu.

Bustani ya Yuexiu

Jumapili alfajiri Bi Mwanaisha alikuja, mtandio umefungwa vizuri, mkoba wa vitabu begani. Barua ya mwisho ya Daktari Shen ilisema kila asubuhi yuko bustani ya Yuexiu, karibu na ziwa. Barua hiyo ilikuwa na miaka saba. Tulimkuta mwanamke mfupi wa miaka sitini hivi, filimbi shingoni, anaongoza watu wapatao sabini wenye panga za bati zenye shada jekundu. Upanga mmoja ukigeuka, sabini zinageuka. Nyie mngelia kwa uzuri. Huyo ni Mwalimu Luo, zamani alikuwa mwalimu wa michezo shuleni.

Mwanaisha alimwonyesha picha ya Daktari. Mwalimu Luo aliishika mbali na macho, kisha karibu.

"Anasema alikuwa akimjua," Mwanaisha akanitafsiria polepole. "Dada'angu, keti kwanza."

"Nieleze nimesimama."

"Kafa. Mwaka wa sita huu. Maradhi ya ini."

Miaka sita. Mwaka jana tu nilimwandikia nikimweleza habari zenu, kila mmoja kwa jina lake na goti lake. Nilihesabu barua nilizomtumia marehemu, zikawa tisa. Mwalimu Luo alinipa maji, akangoja kwa adabu, halafu akasema maadamu nimetoka mbali hivyo, nionyeshe alichonifundisha.

Nikacheza. Mkono ulinihurumia asubuhi ile. Lakini nilipofika wa kumi na saba nikasikia filimbi. Mnaujua wenyewe: hatua mbili mbele, kisha tunageuka ghafla kushoto, tunabana bega na kuvuta upanga kifuani. Nimewaambia miaka yote kwamba hapo ndipo penye siri ya upanga wote. Nimewarudisha nyuma mara mia mlipogeuka kivivu.

"Anauliza, hapo unakwepa nini?" Mwanaisha akasema.

"Sikwepi. Ndivyo ulivyo."

Mwalimu Luo akauliza nilifundishwa wapi hasa, mahali penyewe pakoje. Nikaokota kijiti nikachora chini uwanja wetu: baraza hii hapa, uzio huu, na hapa tangi la maji la zege. Kabla sijainua kijiti nikaelewa. Mtu anayecheza kwa hatua za kawaida, akifika wa kumi na saba anajigonga kwenye tangi. Daktari alikuwa anageuka ili asichubuke kiwiko. Hakuwahi kusema ni kwa ajili ya tangi, nami sikuwahi kuuliza. Tangi lenyewe lilibomolewa zamani. Watu kumi na wanane wa Makambako tunaendelea kulikwepa.

Wale sabini walicheka, si kwa ubaya. Nami nikacheka nao. Kisha nikaenda nyuma ya kibanda cha tikiti nikalia kwa kwikwi, maana nilianza kujiuliza katika ile arobaini na mitatu, mingine mingapi ni uzio, na mingapi ni baraza.

Niliporudi, Mwalimu Luo alikuwa ameacha kucheka. Alisema ukitoa tangi, upanga huu si wa bustanini, hata yeye haujui. Ni wa nyumba moja tu, nyumba ya Mzee Kuang wa Xiguan, aliyekuwa mwalimu wa Daktari Shen. Hafundishi hadharani. Anatengeneza silaha za kale. Ile kumi na mmoja, kama ipo popote duniani, iko kwake.

Xiguan, ghorofani kwa Mzee Kuang

Siku mbili zilipita tukisubiri kupokelewa. Nyumba ilikuwa kwenye kichochoro chembamba, ngazi za mbao, harufu ya mafuta ya cherehani. Mzee Kuang alikuwa na miaka themanini na miwili na miwani mizito. Ukutani na chini ya kitanda kulikuwa na panga zilizofungwa kwenye vitambaa, mikuki isiyo na mipini, na kitu chenye makali ya mwezi mchanga ambacho hadi leo sijui kinashikwaje. Alizungumza lugha ya mji ule, ambayo Mwanaisha haisikii. Kwa hiyo binti yake, Ling, mwanamke wa umri wangu, aligeuza maneno yake kuwa Kichina cha shule, na Mwanaisha akayageuza kuwa Kiswahili. Kila swali langu lilikwenda mbali na kurudi limepoa.

Jambo la kwanza nililoliona ni mikono yake. Haikutikisika hata chembe. Nilimwonea wivu mzee wa miaka themanini na miwili.

Alinimiminia chai. Nikaweka mkono mezani nao ukaanza, vidole vikagonga mbao, to-to-to. Uso wa mzee ukang'aa. Akaniinamia.

"Ling anasema babake kafurahi mno," Mwanaisha akanong'ona. "Kwao mtu akimiminiwa chai hugonga meza kwa vidole kushukuru. Anasema una adabu kuliko vijana wa mji huu."

Nikimwambia ni ugonjwa namharibia furaha, nikinyamaza namdanganya. Nikanyamaza. Na mkono ukaendelea kushukuru, kikombe hata kikombe, mpaka Ling akaanza kunitazama kwa jicho la kuhesabu.

Mzee aliuomba upanga wangu. Akauweka juu ya vidole viwili, akautafuta uzito wake. Akauliza aliyechonga ni nani, nikasema fundi wa majeneza. Akatikisa kichwa: ndiyo maana ameupima ubebwe, hakuupima utumike. Halafu akafungua upanga mmoja wa kale, akanionyesha pengo dogo karibu na mpini. Alisema mtu aliyepokea pigo pale alikuwa amezidiwa, kwa sababu aliyetulia hupokea mbele zaidi. Alijua mahali mtu alipoogopa, mtu aliyekufa miaka mia mbili nyuma, kwa kupapasa chuma. Hapo nilisadiki kwamba nimefika. Nikamchezea, safari hii bila tangi. Alitazama yote arobaini na mitatu, akafumba macho, akasema, "Shen." Ling hakuhitaji kutafsiri.

Nikaomba ile kumi na mmoja.

Kisha Ling akaeleza kwamba sehemu hiyo hapewi mgeni, hupewa mtoto wa nyumba. Mtu huwa mtoto wa nyumba kwa kufukiza ubani mbele ya picha ya marehemu aliyemfundisha Mzee Kuang, kupiga magoti na kuinamisha kichwa mara tatu, kisha kumpelekea mzee chai kwa mikono miwili akiwa bado magotini.

Mnanijua. Magoti si tatizo. Mimi ni Mbena, nimewapigia magoti wakwe zangu hadi yakaota sugu. Lakini ubani mbele ya picha ya maiti? Mimi mzee wa kanisa? Na mnakumbuka, mimi nilikuwa kwenye baraza lililomfungia Mama Tusekile meza ya Bwana kwa sababu alimwaga pombe kwenye kaburi la mumewe. Nilinyoosha mkono juu kabisa siku ile. Nikasema hapana, dini yangu inakataza, naomba nimpe chai tu. Maneno yakasafiri midomo miwili hadi kwake. Mzee Kuang hakukasirika. Kwa kweli alionekana amepumua.

"Basi tule," akasema.

Na tukala. Siku sita mfululizo nilikwenda, siku sita tukala. Mchuzi wa mifupa uliochemka tangu asubuhi, samaki mzima na macho yake, miguu ya kuku niliyoinyonya huku nikiomba msamaha kwa kuku. Mwanaisha alikuja na mkate wake na yai, akakaa mbali na nguruwe, na mzee akamwagizia tambi kwa Waislamu wa kona ya pili. Kila siku alinisimulia juu ya chuma, juu ya kunoa, juu ya namna ya kumtambua fundi kwa nyundo yake. Kila nikitaja kumi na mmoja anasema onja hiki. Mimi nikadhani ananipima subira. Nikadhani siku ya saba atalegea. Nikirudi hotelini, Anyesi anauliza, "Amekupa?" nami nasema bado.

Siku nne zikabaki, kisha tatu. Mkono ulizidi. Asubuhi moja nilishindwa kufunga vifungo, Anyesi akanifunga bila neno, na ukimya wa Anyesi ulinitisha kuliko ugonjwa.

"Bi Mwanaisha, ungekuwa wewe?" nilimuuliza njiani.

"Mie? Mie singepiga, wallahi. Lakini mie sikufuata kitu pale ila tambi. Hilo ni la roho yako, dada Foibe, usinitwishe."

Chai

Nilipiga magoti siku ya mwisho kabla ya kuondoka, saa tano asubuhi. Sikumwambia Mwanaisha mpaka tulipofika mlangoni. Nilimwambia Ling alete ubani.

Mzee Kuang alisimama, akasema kitu kwa haraka. Ling akajibu, wakabishana. Nilidhani anaona nimechelewa. Mwanaisha akasema, "Anauliza dini yako je. Anasema usijilazimishe, hapana lazima." Nikasema dini yangu ni juu yangu. Nikauwasha ubani, na kwa mkono ule ulichukua njiti tano. Nikainama mbele ya picha ya mzee nisiyemjua mara tatu. Sikumwomba Mungu anisamehe, kwa sababu nilikuwa nafanya kwa makusudi, na si vizuri kumfanyia Mungu mchezo. Kisha nikamnyanyulia mwalimu kikombe. Nusu ya chai ilimwagika kwenye mkeka. Alikishika pamoja na mikono yangu, akaishikilia itulie, akanywa iliyobaki.

Halafu akaanza kulia. Alilia kwa sauti, mzee mzima, na Ling akageukia dirisha.

Ling alitafsiri akiwa ameangalia nje, na Mwanaisha alinipa maneno moja moja. "Anasema sasa wewe ni mtoto wake, na mtoto hafichwi. Anasema hana."

"Hana nini?"

"Kumi na mmoja. Hanayo."

Katika miaka ile ya mapinduzi ya utamaduni, vitu vya kale vilipochomwa, walimchukulia panga zake zote. Akawekwa kufagia barabara. Kwa miaka mingi hakushika upanga, aliurudia kichwani tu huku akifagia. Siku aliporuhusiwa kuushika tena alikuta sehemu ya mwisho imetoka. Ndiyo iliyofundishwa mwisho, ndiyo iliyofanyiwa mazoezi kidogo. Ndugu yake, mtu pekee mwingine aliyekuwa nayo, alikwisha kufa. Daktari Shen, ambaye naye aliishia arobaini na mitatu, aliporudi kutoka kwetu alikuja kuiomba, naye akaambiwa ukweli huu huu akiwa magotini, akaapishwa asiutoe nje ya nyumba.

Mzee Kuang akainuka akachukua upanga. Akacheza miwili ya mwisho ninayoijua, wa arobaini na mbili na wa arobaini na tatu, mizuri kupita nitakavyoweza kuwaonyesha. Kisha akainua mguu wa kushoto na upanga ukapanda juu ya kichwa. Akabaki hivyo. Mkono haukutikisika, lakini macho yalikuwa yanatafuta. Hakujua unashuka upande gani. Akaushusha katikati, akauweka mezani.

"Anasema ni hapo," Mwanaisha akanong'ona.

Nikamuuliza kwa nini alinilisha siku sita. Kwa nini hakuniambia siku ya kwanza nikarudi zangu? Akajibu kwamba mgeni hawezi kuambiwa jambo hilo. Watu wa silaha mji mzima wanamheshimu kwa sababu ya ile kumi na mmoja. "Uliposema dini yako inakataza," akasema, "nilifurahi. Nilidhani utaondoka na heshima yako, na mimi nibaki na yangu."

Mimi nilikuwa bado magotini. Sikuwahi kusikia moyo mzito vile, hata siku nilipomzika mume wangu. Siku ile angalau nilijua nimezika nini.

Kisha akaniomba jambo moja. Hili ni la nyumbani, akasema. Luo hajui. Nisimwambie mtu wa nje maisha yangu yote. Nikasema ndiyo. Ningesema nini? Alikuwa bado ameishikilia mikono yangu isitetemeke.

Kurudi

Safari ya kurudi haina la kusimulia. Anyesi aliniuliza mara moja, kwenye treni, "Amekupa?" Nikasema amenipa. Akafurahi kwa ajili yangu, akaninunulia soda. Uongo wangu wa kwanza kama mtoto wa nyumba ya Kuang nilimwambia wifi yangu, juu ya chupa ya soda.

Mchungaji nimemweleza habari ya ubani. Sitakula meza ya Bwana mpaka baraza likae, nami sitajitetea. Hilo nalibeba.

Lakini hili jingine lilikuwa linanikaba. Daktari Shen aliniandikia barua nne baada ya kujua kwamba hakuna kitu, na katika zote nne ananiambia njoo Guangzhou nikumalizie. Nimezisoma upya. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amefungwa mdomo, na barua zinataka maneno. Mimi nami niliapa kama yeye, na wiki tatu hizi nimekuwa nikiwajibu nyie kama alivyonijibu yeye: bado, subirini, nitawapa. Nilidhani ninaweza kuzeeka hivyo.

Jumanne iliyopita mwenzenu Bwana Sanga alikuja nyumbani. Alikaa, akazungusha kofia, akasema ameona mkono wangu umezidi na huenda siwezi tena kuonyesha nilichojifunza, nisione aibu. Akasema amekwisha kuzungumza na mkewe. Watauza ng'ombe wote wanne wamsafirishe binti yao kwa huyo mwalimu wangu, ambaye Anyesi alimtaja, aichukue mwenyewe, ili kazi yangu isipotee. Alikuwa anatabasamu. Nikamkaribisha chai nikashindwa kuimimina.

Basi nyie kumi na saba mmejua. Mkitaka kuendelea na arobaini na mitatu endeleeni, inafaa kwa magoti. Mimi uwanjani sitakuja kwa muda.

Bwana Sanga, usiuze ng'ombe. Huko hakuna kitu. Mwalimu wangu ameniomba jambo moja tu tangu niwe mtoto wake, nami ndilo hili nimelivunja.